Kutu Inaishia Wapi

Jumatano, 3 Septemba

Komite ya harusi imekaa leo sebuleni kwa Mama Marthe, mwenye kupangisha fleti hii tunayogawana hapa Berea. Watu tisa, viti vinne. Mpwa wangu Murielle anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Ajenda ya sita: gari la bibi harusi.

Pitchou alisimama kabla hajaulizwa. Pitchou ni baba mdogo wa Murielle, mdogo wa baba yake aliyebaki kwetu Uvira, na tangu apate lile gari lake jeupe, refu, haongei tena akiwa amekaa. Akasema gari lake lina viti vya ngozi. Akasema lina kiyoyozi mbele na nyuma. Akasema, huku akiniangalia mimi, kwamba ni jipya.

Nikasimama na mimi. Nikasema mwenye kumtoa bibi harusi nyumbani ni mjomba wake, na mjomba ni mimi. Pitchou akasema kwao ni baba mdogo. Nikamkumbusha kwamba siku ya mahari mbuzi wa mjomba alitolewa, nilimpokea, na nilimla mbele ya mashahidi. Hakuna mbuzi wa baba mdogo. Murielle ataenda kanisani kwa gari la mama yake.

Marehemu dada yangu Célestine alibeba vitenge kwa gari lile miaka kumi na moja, kutoka maduka ya jumla ya mjini mpaka kwa wateja wake Hillbrow. Alipofariki liliachwa mikononi mwangu. Murielle machozi yakamtoka. Akauliza, "Mjomba, ni kweli? Linatembea?"

Nikasema liko sharp, halina tatizo.

Sijaliwasha tangu Pasaka. Lakini Pasaka lilitembea, ila kwa sauti fulani mbele kushoto, ko-ko-ko, kila likipanda tuta. Sina wasiwasi. Nina hamu tu ya kujua ni nini.

Alhamisi, 4 Septemba

Betri ilikuwa imekufa. Nikaifufua kwa waya na betri ya mpangaji wa ghorofa ya pili. Likawaka! Moshi wa bluu, njiwa wote wa mtaa wakaruka. Nikafungua boneti.

Naandika nilichokiona, maana ni kitu cha ajabu. Shokapu ya mbele haining'inii hewani. Kichwa chake kinapanda mpaka chini ya boneti na kufungwa kwa nati tatu kwenye kikombe cha bati, na kikombe hicho ni sehemu ya bodi yenyewe. Uzito wote wa mbele unakaa hapo. Miaka hamsini na mbili nimeishi bila kujua! Cha kulia ni kizima, cheusi, kinang'aa. Cha kushoto kina rangi ya chai ya maziwa.

Nikachukua bisibisi. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kuona kutu inaishia wapi.

Haikuishia. Niligusa kidogo, bisibisi ikaingia. Nikagusa pembeni, ikaingia tena. Ajabu sana, bati gumu la Kijerumani linamenyeka kama ganda la yai la kuchemsha. Kufikia saa nne nilikuwa naliona tairi kwa juu. Nati mbili kati ya tatu zilikuwa zimeshikilia heshima tu, na gari limeinamia kushoto.

Ningeliacha bila kuligusa, labda lingekaa. Hilo sitamwambia mtu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekwenda kwa Candide, Mrundi, fundi wa kuchomelea. Ana ua wake nyuma ya lile jengo la zamani ambalo ghorofa yake ya kwanza ni kanisa letu. Anatengeneza mageti na nondo za madirisha, na magari akipata. Nilimwambia nauliza kwa niaba ya rafiki.

Candide hakuacha kazi yake. Akasema rafiki yangu atoe betri, atoe shokapu na springi, akate bati lote lililooza mpaka afike kwenye bati safi, apime upande mzima, akate kipande kipya, achomelee kidogo kidogo, apake rangi ya kuzuia kutu. Siku moja ndefu kama hakuna anayemsumbua. Nikauliza kwa nini kidogo kidogo. Nikauliza kwa nini betri. Nikauliza atajuaje bati safi ni lipi. Akainua kinyago chake cha kuchomelea na kunitazama. Akasema rafiki yangu ana maswali mengi. Kisha akasema rafiki yangu asithubutu kuziba na mastiki, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bati, maana shokapu itatoka juu siku moja kumsalimia.

Ningempa kazi papo hapo. Tatizo ni kwamba Candide anaimba kwaya pamoja na mke wa Pitchou, sauti ya pili wote wawili, wanakaa benchi moja. Nikimpa gari leo, Jumapili Pitchou atalitangaza baada ya sadaka.

Nikamwambia rafiki yangu atafikiria.

Jumamosi, 6 Septemba

Wazo! Na limetoka kwa Mungu, maana limetoka jikoni.

Mama Marthe alikuwa anasugua sufuria ya Alhamisi. Ugali wa muhogo ulikuwa umegandia chini. Ameuloweka siku mbili, ameukwaruza kwa kijiko, kijiko kimepinda. Alilalamika kwamba huu si ugali, ni saruji. Nikashika kijiko kilichopinda. Nikakitazama muda mrefu. Nikamwomba vifuniko vitatu vya ndoo.

Jaribio nimelifanya kwenye balkoni, kwa utaratibu. Kifuniko cha kwanza, ugali wa muhogo wetu. Cha pili, ugali wa mahindi wa wenyeji, pap. Cha tatu, nusu kwa nusu na gundi ya mbao. Jua kali, upepo wa Septemba unakausha mpaka midomo. Saa kumi nikavipiga nyundo.

Pap ilipasuka mara ya kwanza. Mchanganyiko ulinata kwenye nyundo na mpaka sasa umenata. Muhogo ulirudisha nyundo! Nilipiga mara sita. Nilijisikia fahari kama vile nimeulima mwenyewe. Wazungu wamejenga magari miaka mia na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuuliza jikoni.

Mama Marthe aliuliza ninafanya nini. Nikasema utafiti.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada Pitchou alinisindikiza mpaka nyumbani bila kuombwa. Alitaka kuliona gari. Komite ina haki, alisema. Alilizunguka, mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza mbona limeinama kushoto. Nikasema mtaa una mteremko. Akavuka barabara, akalitazama kutoka kule, akarudi akasema mteremko wa mtaa unaelekea kulia.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema macho yake yamezoea gari refu.

Kabla ya kuondoka alipitisha kiganja juu ya usukani, kupitia dirishani, polepole. Nikamwambia asiguse. Sijui alikuwa anapima nini.

Jumatatu, 8 Septemba

Kazi imefanyika. Nilisonga ugali wa kilo mbili, mkavu, mgumu, mpaka mwiko ukavunjika. Nikatandika waya wa kuku ndani ya kikombe, nikashindilia ugali ungali moto, nikausawazisha kwa chupa. Juu yake mastiki. Juu ya mastiki rangi nyeusi, nikaipaka mara mbili. Nikakaza nati. Nikakifananisha na kile cha kulia. Mapacha!

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeziba.

Mama Marthe ameuliza unga wake umekwenda wapi. Nikamwambia nilishikwa na njaa. Amenitazama kwa huruma, akaniwekea sahani ya sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki wadogo. Nimekula.

Jumanne, 9 Septemba

Safari ya majaribio. Berea mpaka mjini na kurudi, matuta manane, robot tano, zile taa za barabarani. Hakuna ko-ko-ko! Niliimba. Kwenye robot ya mwisho dereva wa teksi alinipigia honi, nikampungia mkono, kisha nikaona taa ni ya kijani tangu zamani.

Nimempigia Murielle simu kumwambia gari la mama yake linaelea kama kitanda. Akanishukuru kwa Kiswahili kitupu, sentensi nzima, bila Kiingereza hata kidogo. Mtoto huyu amezaliwa hapa hapa. Anafanya hivyo tu akiwa na furaha.

Jumatano, 10 Septemba

Panya!

Nilifungua boneti asubuhi kulisifu tu. Rangi imetafunwa. Mastiki imetafunwa. Katikati ya kikombe kuna shimo la mviringo, safi kabisa, kama limepimwa kwa bilauri, na ndani ugali umepungua robo. Hasira ilinipata, lakini hasira ilipokwisha nilibaki na mshangao. Meno ya namna gani hayo? Nyundo ilishindwa! Nilikaa karibu nusu saa nikitazama alama zake.

Nimesonga mwingine wa kujazia. Safari hii nimechanganya pilipili, ile ndogo ndogo kali ya Mama Marthe, kikombe kizima cha iliyosagwa. Panya yeyote atakayerudi ataondoka na ushuhuda. Vidole vyangu vinawaka, jicho la kushoto nililikuna kwa kusahau na sasa halifunguki. Mastiki. Rangi. Mapacha tena, nikitazama kwa jicho moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika kabla hata ya kunawa mikono.

Murielle alikuja mchana na gauni lake ndani ya mfuko mrefu. Alitaka nimpeleke kwa fundi cherehani mjini kulipunguza kiuno. Alikaa mbele, akavuta sanduku la dashibodi, akakuta ndani kitana cha mama yake. Alikitia mfukoni. Tukaondoka.

Tuta la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu liko karibu na kituo kile kikubwa cha teksi. Nilisikia mlio kama mtu ameangusha sufuria bafuni. Boneti ikainuka upande wa kushoto, ngumi ya chuma ikachungulia, gari likapiga goti. Usukani ulinitoka mikononi. Tulisimama tukiwa tumegeukia ukingo wa barabara, hatua mbili kutoka kwa mama anayeuza machungwa. Hakuna aliyeumia. Narudia kuandika: hakuna aliyeumia.

Madereva wa teksi walikuja kuangalia. Boneti ilipofunguliwa kulikuwa na mabonge meupe kila mahali, mengine yamerukia kioo. Mmoja aliokota kipande, akakinusa, akanitazama, akakirudisha mahali pake kwa adabu.

Murielle alishuka ameshika mfuko wa gauni kifuani. Akatazama ndani muda mrefu. Akasema, "Mjomba. Hii ni bugali?"

Nilikuwa na maelezo tayari. Nilikuwa nayo matatu. Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoumia. Alisema, kwa Kiingereza, "Ungeniambia tu. Mimi sikutaka gari, nilitaka gari la mama. Ningekaa ndani hata kama limesimama."

Niliona aibu, aibu ya kweli, inayoanzia miguuni. Nilimwahidi dada yangu hospitalini kwamba mtoto huyu nitamtazama kama jicho langu. Na leo nilimweka juu ya ugali, nikampeleka barabarani.

Madereva wanne walilisukuma gari mpaka uani kwa Candide. Murielle alitembea nyuma yetu na gauni. Candide alifungua geti, akachungulia chini ya boneti, kisha akaniuliza kama huyu ndiye rafiki.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ndefu kuliko zote za maisha yangu, na naomba nisamehewe kwa kusema hivi, imekuwa pia siku tamu.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Candide alinipa brashi ya waya na kisu, akasema yeye hachomelei chakula. Ugali wote utoke, mastiki yote, rangi yote, mpaka bati lionekane. Betri akaitoa mwenyewe, akaniambia bila kuulizwa kwamba umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza vyombo vya gari. Kumbe alikumbuka swali langu! Gari akaliweka juu ya vyuma vinne, springi akaibana kwa skrubu mbili ndefu, akaishusha kwa tahadhari kama mtu anayebeba nyoka. Nikakwangua. Nikakwangua. Saa tatu alikuja kukagua, akaniuliza kama ndani humo kuna kitu kingine.

Kulikuwa na ufa nyuma ya kikombe ambao kisu hakikufika. Ndani yake kulikuwa na ugali wa Jumatano, wenye kile kikombe cha pilipili. Nilifikiri ni kidogo. Nilifikiri pia kwamba mtu mmoja anaweza kuona aibu kiasi fulani tu kwa wiki moja.

Nikasema hakuna.

Basi akaanza. Alikata bati bovu kwa grainda mpaka pembeni pakang'aa kama kijiko kipya. Kwa hiyo hapo ndipo inapoishia! Inaishia pale mtu anapokubali kukata. Akaenda kwenye kikombe cha kulia, kilicho kizima, akakifunika kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni, akachora na kutoboa matundu matatu, kisha akaigeuza karatasi chini juu. Ikawa ya kushoto. Nilimwomba aigeuze tena nione. Aliigeuza. Akakata bati nene kwa kipimo hicho, akaligonga kwa nyundo juu ya bomba mpaka likachukua umbo, akapima kwa kamba kutoka nati za kulia mpaka matundu ya kushoto, mara tatu. Akasema nusu kidole ikipotea hapa, tairi litatazama Pretoria na usukani Soweto.

Nikauliza tena kwa nini asichomelee mzunguko mzima mara moja. Alichukua kipande cha bati kilichobaki, akakichomelea mstari mmoja mrefu mbele yangu. Bati likajikunja lenyewe, polepole, kama jani mbele ya moto. Nilipiga makofi. Akanivalisha kinyago cha pili, nadhani ili ninyamaze, nami nikaona. Nukta hapa, nukta ng'ambo, asubiri, nukta tena. Tone dogo la chuma kinachoyeyuka, jeupe, linatetemeka, linashika pande mbili na kuwa kitu kimoja. Nilitamani Célestine angeliona. Yeye ndiye aliyekuwa ananiambia kwamba pua yangu, inayoingia kila mahali, itaniua.

Kisha Candide akafika kwenye ule ufa wa nyuma.

Kwanza ilikuja harufu ya ugali wa kuchoma. Nzuri, kwa kweli. Candide alinyanyua kichwa, akasema ananusa kwao. Halafu pilipili ikashika moto.

Sijui niandikeje. Moshi haukuwa mwingi, lakini ulikuwa na nia. Candide alitupa kinyago na kukimbilia bombani. Mimi nilianguka juu ya magunia nikikohoa. Na juu yetu, madirisha ya kanisa yakiwa wazi kwa ajili ya upepo, kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya wimbo wa kumpokea bibi harusi. Sauti ya kwanza ilikata. Ya pili ikakata. Halafu watu ishirini na wawili wakashuka ngazi wakilia.

Wakati huo huo Pitchou alikuwa anaingia getini kuulizia viti vya wageni. Akakuta kwaya nzima machozi yanamtiririka kila mmoja, Candide uso ndani ya ndoo, mimi chini, gari la Célestine bila gurudumu. Alivua kofia. Moshi ukamfikia. Akaja mbio, akanikumbatia pale pale chini, akilia kwa sauti.

"Shemeji," alisema, "ni nani? Niambie ni nani amekufa."

Nikamwambia ni pilipili. Lakini alikuwa ameshaanza na hakuweza kuacha. Akasema Célestine alimfundisha kuendesha kwa gari hili. Mwaka aliofika hapa hakuwa na kazi wala makaratasi, na yule mama alimkalisha kwenye usukani ule kila Jumapili, vitenge vikiwa vimejaa nyuma, akamwambia asiogope teksi. Miaka yote hii hakuniambia. Mimi nilifikiri alikuwa anapima gari langu ili kulidharau!

Tulikaa juu ya magunia, wazee wawili, tunapenga kamasi. Nikamweleza yote, na ugali pia. Alicheka mpaka akaanza kukohoa upya. Candide alirudi na macho mekundu, akasimama mbele yangu. Alisema maneno matano tu.

"Papa Parfait, wewe ni ukuta."

Sikuelewa. Akasema mimi ndiye ninayehitaji kujengwa upya: wahenga walizungumzia kuziba ufa, hawakusema uzibwe na chakula cha jioni. Kisha akaosha ule ufa kwa maji na brashi ndefu, akangoja pakauke, akavaa kinyago, akamaliza kazi. Pitchou alishika taa. Mimi nilishika ndoo ya mchanga na nilikatazwa kushika kitu kingine. Saa kumi na moja shokapu ilirudi, nati tatu zikakazwa, magurudumu yakapimwa kwa kamba. Candide aliruka juu ya bampa mara nne. Gari likarudi sawa sawa, bila kuinama. Akapaka rangi ya kijivu, akaniambia nisiiguse mpaka ikauke, nisiichokonoe, nisiinuse, nisisogee na bisibisi karibu zaidi ya mita kumi.

Jumamosi, 13 Septemba

Murielle ameolewa!

Gari lilioshwa na wanakwaya, kwa hiari yao, wengine macho bado yamevimba. Maua meupe kwenye boneti, riboni kwenye vioo. Mimi nilikuwa dereva. Pitchou alimwachia mkewe lile gari refu na kukaa mbele kando yangu, akisema komite inahitaji mwakilishi. Njia nzima alinielekeza kona ambazo nimezipita miaka ishirini. Kwenye robot tulibishana kushoto au kulia mpaka gari la nyuma likapiga honi. Na nyuma yake yote yalipiga honi, kwa furaha, harusi nzima, watu wa Hillbrow wametoka kwenye balkoni wakipiga vigelegele.

Tuta la tatu, lile lile. Nilipunguza mwendo mpaka mama wa machungwa akatupita kwa miguu. Pitchou alishika mlango. Mimi nilishika pumzi. Gari lilipanda, likashuka. Kimya, hata ko moja!

Injini ilipopata joto, harufu ikaanza kuingia kwa njia ya hewa. Muhogo. Kumbe mahali fulani ndani ya bodi kulikuwa na kipande kilichobaki, kinakaangika taratibu. Nilitaka kufa. Nikaanza kuandaa maelezo. Nilimtazama Murielle kwenye kioo.

Alikuwa amefumba macho, kitana cha mama yake kimeshikilia shela. Akasema kwa Kiswahili kitupu, "Inanukia kama jikoni kwa mama."

Pitchou alifungua dirisha na kutazama nje mpaka tulipofika. Nami sikuweza kuona barabara vizuri, na safari hii haikuwa pilipili.

Jumapili, 14 Septemba

Mapumziko. Nimekaa balkoni nikiandika mambo niliyojifunza wiki hii. Moja: mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi aitwe siku ya kwanza. Mbili: nisichokonoe nisichoweza kukitengeneza. Tatu: nimsikilize Candide. Nimeyasoma mara mbili na nimeridhika. Mtu anaweza kubadilika hata akiwa na miaka hamsini na mbili.

Saa tisa Pitchou alikuja, peke yake, na gari jeupe. Aliliegesha nyuma ya jengo, mahali ambapo hakuna madirisha. Akanong'ona. Jana, wakati mkewe analiendesha kutoka kanisani, lilianza sauti mbele kulia. Ko-ko-ko. Nikamwambia gari jipya halina sauti hiyo. Akatazama viatu vyake. Si jipya sana, alisema. Lilitoka Durban, kando ya bahari, yeye ni mmiliki wa nne, rangi ndiyo mpya. Na mkewe hajui. Kwa hiyo kwa Candide hawezi kwenda, maana wale wanakaa benchi moja.

Nilimhurumia, shemeji yangu. Nilimwambia ukweli, kama nilivyouandika hapa juu: aende kwa Candide, leo leo, asione haya. Alitikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena.

Basi tukafungua boneti, kutazama tu. Kutazama si kosa. Kikombe cha kulia kilikuwa cheupe, kizuri, isipokuwa vipele viwili vitatu pembeni, chini ya rangi.

Nimefikiria sana. Muhogo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa maji mengi, na pilipili, ambayo ni ya mchuzi. Nimemwuliza Mama Marthe kama ana unga wa mtama. Amefunga mlango wa jikoni kwa ufunguo.

Pitchou alishika tochi. Nilimwambia atulie, nataka tu kuona kutu inaishia wapi.

Bisibisi imeingia mpaka kwenye mpini.